Mume wangu anasema kichwani mwake ni kimya. Mimi kwangu hakulaliki kwa maneno

SWALI

Shikamoo shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, mzaliwa wa Ukerewe, nimeolewa hapa Mwanza. Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Nakusoma siku nyingi na sikudhani kama nami nitakuandikia, ila nimefika mahali sina wa kumuuliza ambaye hatanicheka au kunitangaza.

Shangazi, mimi kichwani naongea. Tangu nimepata akili. Nikifumbua macho tu sauti imeshaanza: leo ndoo ngapi, nani hajalipa, sare ya mtoto, mvua ikishuka vichanjani itakuwaje. Najua ni mimi mwenyewe, lakini haina mapumziko. Nikihesabu pesa inahesabu kwa Kiswahili. Nikikosea jambo inanigombeza kwa Kikerewe, na hapo inakuwa mama yangu mtupu. Nilidhani watu wote ndivyo walivyo.

Mambo yaliharibika msimu wa mvua. Mzigo wangu ulilowa ukaoza, nikachelewesha marejesho ya kikoba. Siku ya kikao mweka hazina akanisimamisha mbele ya wanachama wote akasema, "Watu kama wewe ndio mnaoua vikundi." Sikujibu. Deni nimeshalipa na faini juu. Lakini kila usiku nikilaza kichwa naisikia sentensi ile ile, kwa sauti yake, hadi anavyoyavuta maneno. Halafu naanza kumjibu. Nimemjibu majibu mazuri sana shangazi, ila yote nimeyatoa kitandani saa nane za usiku.

Sokoni nako wameniona midomo inacheza. Nilikuwa nampimia mteja wa kutoka Kongo, nahesabu ndoo kimoyomoyo, jirani wa kizimba akapaza sauti: "Huyu leo anaongea na nani?" Watu wakacheka. Tangu siku hiyo nina jina ambalo sitaki kuliandika hapa. Na juzi nimemkuta mwanangu wa miaka mitano uani, anafinyanga mitumbwi ya matope, anajiuliza na kujijibu peke yake. Moyo ukanipasuka, nikasema nimemrithisha.

Nina sababu ya kuogopa. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa akisikia watu wanamtukana nyuma ya nyumba na hakuna mtu. Alitibiwa muda mrefu. Mama mkwe anaijua habari hiyo, na aliposikia maneno ya sokoni akasema nipelekwe kuombewa, pepo litoke kabla halijakomaa.

Aliyenimaliza ni mume wangu. Ni fundi wa mitumbwi, mtu mpole, hana makuu. Nilipomweleza haya nikamuuliza, wewe sauti yako usiku inasema nini? Akaniangalia. "Sauti gani?" Anasema kichwani mwake hakuna maneno, ni kimya. Nikamuuliza sasa unawaza kwa kitu gani, akacheka, akageukia ukutani akalala. Shangazi, miaka yote ya ndoa yetu nikimuuliza "unawaza nini" anajibu "hakuna", nami nanuna nikijua ananificha. Mtu huyu nikimtuma vitunguu, nyanya na mkaa anarudi na mkaa tu. Ananidanganya, au mgonjwa ni mimi?

Mama Wawili,
Kirumba, Mwanza

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Pole ya mzigo, na pole kubwa zaidi ya kile kikao.

Katika uliyoniandikia sioni ugonjwa. Sauti unayoijua kuwa ni yako, inayohesabu ndoo na kukugombeza, ni usemi wako wa kawaida uliozuiwa kabla haujatoka mdomoni. Nitakueleza inavyotengenezwa, maana ukiijua ndipo utakapojua wapi pa kuogopa na wapi pa kumwacha jirani acheke.

Mwaka 1861 jijini Paris daktari Paul Broca alimpokea mgonjwa ambaye kwa miaka mingi alikuwa hawezi kutamka ila "tan". Umuulize jina, tan. Umuulize anaumwa wapi, tan, tan. Alichoambiwa alikielewa, ila maneno hayakutoka. Alipofariki Broca aliutazama ubongo wake, akakuta umeharibika mbele, upande wa kushoto, karibu na panja. Hapo ndipo matamshi hupangwa. Na leo hii mtu akilazwa kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo na kuambiwa aseme jambo kimoyomoyo bila kufumbua kinywa, sehemu hiyo hiyo hufanya kazi. Kwa hiyo ukihesabu ndoo za Mkongo kimya, ubongo wako unaandaa matamshi ya "ishirini na tatu, ishirini na nne" kama vile unataka kuyasema, kisha unayashikilia.

Kuyashikilia huko hakufungi kabisa. Miaka ya 1930 Edmund Jacobson, wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliwalaza watu wakatulia, akawawekea vipimo vya umeme kwenye midomo na ulimi, akawaambia wawaze kwamba wanasema kitu. Misuli ya kinywa ikatoa umeme mdogo, ingawa mtu kwa macho alionekana ametulia tuli. Hesabu ikiwa ngumu, kelele zikiwa nyingi, mteja akiwa na haraka, umeme ule huongezeka na mdomo ukaonekana unacheza. Huyo ndiye mtu ambaye jirani yako alimuona akiongea: mwanamke anayehesabu mali ya watu asikosee.

Jaribu kitu. Funga mdomo, ulimi usisogee, useme kichwani harakaharaka mara kadhaa: wale wana wa Liwali wala wali wa Liwali. Umeteleza, sivyo? Mwaka 2008 Gary Oppenheim na Gary Dell walifanya utafiti wa namna hii Marekani, wakakuta watu wanakosea vitanza ndimi hata wakivisema kimya kabisa. Kosa hilo ni la kupanga matamshi, wala halihitaji ulimi.

Jaribio la pili ni la jirani yako. Mpe namba ya simu asiyoijua aishike kichwani, lakini muda wote aseme kwa sauti "dagaa, dagaa, dagaa" bila kupumzika. Itamponyoka. Alan Baddeley na Graham Hitch, wanasaikolojia wa Uingereza, walieleza mwaka 1974 kuwa maneno na namba tunazozishika kwa muda mfupi tunazishika kwa kuzirudia ndani kwa ndani. Ukiipa njia ya matamshi kazi nyingine, kurudia kunakwama. Sijui kama atakubali kujaribiwa. Watu wa namna ile hupenda zaidi kutazama wengine.

Mtoto umwache kabisa. Mrusi Lev Vygotsky, aliyefariki 1934, aliwafuatilia watoto wadogo wakicheza akaona jambo ambalo kila mama amewahi kuliona: wanajisemesha. "Sasa naweka hapa. Hapana, hapa. Haya." Wakikwama wanasema zaidi. Kwa maelezo yake, mtoto kwanza huongozwa na maneno ya mkubwa: shika hivi, usimwage, hesabu tena. Kisha anajiambia mwenyewe maneno hayo kwa sauti. Akikua sauti hupungua ikawa mnong'ono, na kufikia umri wa shule inaanza kuzama ndani. Mwanao na mitumbwi yake ya matope yuko hatua ile unayotarajia mtoto wa miaka mitano awepo. Ukimnyamazisha kwa hofu zako utamnyima kitu anachokihitaji ili ajifunze kujiongoza. Kaa kando umsikilize. Utashangaa ni mara ngapi anayoyasema ni maneno yako.

Na hapo tunafika kwa mweka hazina.

Kama maneno ya ndani yalitokana na mazungumzo na watu, si ajabu yakabaki na watu ndani yake. Ndiyo maana ukikosea anakugombeza mama yako, tena kwa Kikerewe, kwa kuwa ndivyo ulivyogombezwa. Na pesa unazihesabu kwa Kiswahili, kwa kuwa darasani ndivyo ulivyofundishwa kuhesabu. Charles Fernyhough wa Chuo Kikuu cha Durham amewauliza watu wengi juu ya maneno yao ya ndani, na wengi humwambia ni mazungumzo, kuna anayesema na anayejibu. Yeye na wenzake walipopiga picha za ubongo, 2016, waliona kwamba mtu akiwaza majibizano ya watu wawili, mbali na sehemu za lugha za kushoto, huamka pia sehemu za upande wa kulia tunazozitumia kufikiria wenzetu wana nini moyoni. Usiku wako ndivyo ulivyo. Unamtengeneza mweka hazina, sura na mvuto wa sauti, kisha unagombana naye. Wewe ndiye unayemsemesha. Angekuwa yeye kweli angeshachoka akaenda zake.

Unatofautianaje basi na mjomba?

Kila ubongo unapotoa amri ya kusema hutoa na nakala, mfano wa karani anayekata stakabadhi: moja inakwenda kwa misuli ya kinywa, nyingine inabaki upande wa masikio, juu kidogo ya sikio la kushoto, kuarifu kwamba sauti inayokuja ni yetu wenyewe, msishtuke. Kwa nakala hiyo sauti yako haikushtui ukiongea. Ubongo hutumia njia hiyo hiyo kwa mwili mzima. Ndiyo sababu mtu hawezi kujitekenya akacheka. Ukiwaza kimya amri inazuiwa, sauti haiji, lakini nakala imeshafika. Wataalamu wengi wanaamini kile tunachokiita kusikia kichwani ni nakala hiyo. Mwaka 2017 Thomas Whitford na wenzake huko Sydney waliwavalisha watu kofia za vipimo vya umeme wa ubongo, wakawaambia waseme silabi moja kimoyomoyo nukta ile ile silabi inapolia kwenye spika za masikioni. Silabi zikilingana, ubongo uliipokea sauti ya nje kwa mwitikio mdogo. Zikitofautiana, haukupunguza. Yaani hata neno lisilotoka lilikuwa limeshatoa taarifa.

Sasa fikiria nakala ikapotea, au ikasomwa vibaya. Neno ni lako, limepangwa kwako, lakini linafika upande wa masikio halina jina la mwenyewe. Utalisikia ni la mtu mwingine, amesimama nyuma ya nyumba. Hayo ndiyo maelezo yenye nguvu zaidi tuliyo nayo juu ya sauti wanazozisikia baadhi ya wagonjwa, ingawa hayamalizi kila kitu. Mwaka 1949 daktari mmoja, L. N. Gould, alimwekea mgonjwa wa namna hiyo kipaza sauti, kikanasa mnong'ono hafifu wa mgonjwa mwenyewe. Maneno ya mnong'ono yalikuwa yale aliyosema anaambiwa.

Wewe nakala zako zinafika. Umeandika mwenyewe: "najua ni mimi." Hata sauti ya mweka hazina unajua iko kichwani, hukutoka nje kumtafuta na tochi. Mjomba wako hakuwa na uhakika huo, maskini, ndiyo maana aliteseka. Na undugu wenu usikutishe kupita kiasi. Magonjwa ya akili mengine hufuata ukoo kwa kiasi fulani, lakini wapwa walio wengi mno wa mtu aliyeugua hawaugui kabisa, na umri wako huu ungekuwa umeshapita sehemu kubwa ya miaka ambayo huanza.

Nikwambie basi pa kuogopa. Ukianza kusikia sauti inatoka nje, kwa masikio, na huitambui kuwa yako. Ikikuamuru ujidhuru au umdhuru mtu. Ukishawishika kwamba watu wa sokoni wanakupangia njama, siyo kukucheka tu. Ukipitisha siku kadhaa hulali na husikii usingizi. Ukiona hata moja kati ya haya, nenda hospitali bila kungoja kikao cha ukoo. Bugando wana idara ya magonjwa ya akili, na ukianzia kituo cha afya cha jirani watakupa rufaa. Mama aliyejifungua karibuni akianza kusikia mambo hayo apelekwe siku hiyo hiyo. Na si kila sauti ni ugonjwa wa akili: homa kali, malaria iliyopanda kichwani, bangi, mlevi aliyeacha pombe ghafla, mvuvi aliyekesha ziwani usiku baada ya usiku, wote wanaweza kusikia visivyokuwepo. Hao nao watibiwe.

Wajane wanaonisoma nao nisiwaache na hofu. Mwaka 1971 daktari W. Dewi Rees wa Wales alichapisha matokeo ya kuwahoji wajane na wagane 293. Karibu nusu walikuwa wamewahi kumhisi, kumwona au kumsikia mwenzao aliyefariki, na takriban mmoja kati ya wanane alikuwa ameisikia sauti yake. Hawakuwa wagonjwa. Wengi walisema inawafariji, na wengi hawakuwahi kumwambia mtu.

Mama mkwe mpe heshima yake. Akitaka mwombewe, ombeweni, dua haijamdhuru mtu. Ninachokataa ni mtu aliyeanza kuugua kweli kuzuiwa dawa kwa sababu yuko kwenye maombi. Tena sauti hubeba rangi ya mahali. Mwanaanthropolojia Tanya Luhrmann wa Stanford na wenzake walizungumza na wagonjwa 20 wanaosikia sauti katika kila mji: Accra ya Ghana, Chennai ya India, na San Mateo kule California. Wengi wa Accra walimsikia Mungu. Chennai walisikia ndugu zao wakiwaagiza kazi na kuwaonya. California walisikia vitisho na damu, na wengi wakaichukia sauti yao. Kwa hiyo ukiniambia mgonjwa wa kwetu kasikia pepo, sishangai, na haliniambii kama alitakiwa kwenda kwa mchungaji au kwa daktari.

Usiku wako una dawa mbili. Ya kwanza ni ya kitandani. Kwa kuwa maneno yale yanapita njia ya matamshi, ipe njia hiyo kazi nyingine: imba pambio unayoipenda kwa mnong'ono, sali rozari kama wewe ni wa rozari, taja majina ya visiwa vyenu kimoja baada ya kingine ukitikisa midomo. Mweka hazina hataweza kumaliza sentensi. Watafiti wa Reading, Uingereza, waliona hata kutafuna bigijii kunapunguza wimbo uliong'ang'ania kichwani, ila bigijii kitandani sikushauri. Na ukianza kujisema, usijisemee "mimi nimefanya nini". Jiite kwa jina lako, kama unavyomsemesha mdogo wako. Ethan Kross wa Michigan na wenzake waliwajaribu watu wanaokabiliwa na jambo la kutia hofu, na waliojiita kwa majina walitulia zaidi ya waliojisemea "mimi". Ni jambo dogo mno kiasi cha kuonekana utani, nami nalipenda kwa sababu halina gharama.

Dawa ya pili iko mwaloni, mchana. Akili hurudia jambo lililobaki wazi, na hili liko wazi. Ulilipa deni na faini, lakini aibu ulipewa mbele ya watu na hakuna aliyesema imekwisha. Mfuate mwenyekiti kabla ya kikao kijacho, na daftari lako la marejesho mkononi. Omba iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba umelipa, lini, na faini kiasi gani, isomwe wanachama wasikie. Ukitaka kumwambia mweka hazina kwamba aliyokutamkia hayakuwa ya haki, mwambie mkiwa wawili, jibu moja fupi kati ya yale mazuri ya saa nane. Mimi ningechagua lile lisilo na tusi. Na vikundi vyetu vijifunze: mtu aliyelowewa mzigo na mvua si mwizi.

Nimebakiza mumeo.

Hakudanganyi. Russell Hurlburt, mwanasaikolojia wa Las Vegas, tangu miaka ya 1970 amekuwa akiwapa watu kidude kinacholia mara kwa mara bila ratiba mchana kutwa. Kikilia, mtu anaandika kilichokuwa akilini mwake nukta ile ile kabla ya mlio. Amekuta tofauti kubwa kati ya mtu na mtu. Wapo ambao karibu kila mlio unawakuta kwenye maneno. Wapo ambao maneno hayapo kabisa. Wana picha, au hali fulani mwilini, au wazo limekamilika bila neno wala picha. Ukijumlisha watu wote, maneno yanapatikana kama mara moja kwa kila milio minne. Wewe uko mwisho mmoja na mumeo mwisho wa pili, na kila mmoja aliishi akidhani vichwa vyote ni kama chake.

Mwaka 2024 Johanne Nedergaard wa Copenhagen na Gary Lupyan wa Wisconsin waliwalinganisha watu wenye maneno mengi ya ndani na wenye machache sana. Hao wa pili walipata shida zaidi kukumbuka orodha ya maneno na kutambua maneno yapi yana vina sawa. Kazi nyingine, kama kuhama haraka kutoka jambo moja kwenda jingine, walifanya sawasawa na wenzao. Sasa vitunguu na nyanya. Siapi kwamba hiyo ndiyo sababu. Mume anaweza kusahau vitunguu kwa sababu nyingi, na nyingine ni za zamani kuliko sayansi. Lakini wewe orodha unaikariri njiani hadi dukani, yeye labda hana cha kukariria. Mwandikie kwenye karatasi. Mkaa alikumbuka, na mkaa una gunia la kuonekana.

Halafu nenda kamtazame kazini. Nimewahi kukaa mwaloni kumtazama fundi akipandisha ubavu wa mtumbwi. Aliuinua ubao, akafumba jicho moja, akaupima kwa macho kuanzia mkuku, ule mti wa chini kabisa, hadi juu, akauegesha kwenye mataruma, zile mbavu za mtumbwi, akautoa, akaranda kidogo upande mmoja, akaurudisha. Hakushika futi wala hakusema neno. Ukakaa. Kilichobaki ilikuwa kukalafati, yaani kuziba mianya kwa pamba. Mtu yule alikuwa anawaza sana, mwanangu, ila hakuna sentensi ambayo mkewe angeweza kuisikia kama angemuuliza "unawaza nini". Akijibu "hakuna" anakwambia ukweli wake: hakuna maneno. Muulize kingine. Muulize anaona nini, au mwili wake umekaaje, umetulia au umebana wapi. Huenda ukapata jibu refu kuliko yote uliyowahi kupata.

Na wala usiamini kwamba kila mmoja wenu anajijua vizuri. Hurlburt amewakuta watu walioapa kuwa wanaongea vichwani kutwa nzima, kengele ikilia mara nyingi haiwakuti wakiongea. Inawezekana yako ina mapumziko usiyoyaona kwa sababu unaikumbuka ikipiga kelele tu, na yake si kimya kama anavyodai. Jumapili moja ambayo hakuna kazi, mwambie mtoto wenu mkubwa aweke simu ilie saa asizowaambia, kila mmoja awe na kalamu yake, na msioneshane hadi jioni. Mkimaliza niandikie mlichokuta, nawe umwombe mumeo ruhusa nikichapishe bila majina.

Shangazi